Kuvuna mbele ya kupanda: maana ya neno “preposterous”

Leo sitaongea juu ya mbolea wala juu ya udongo. Nataka tuongee juu ya neno moja tu ya Kiingereza: “preposterous”. Tangu nchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022, kila mutu anajifunza Kiingereza. Asubuhi kozi, mangaribi kozi, simu imejaa programu za lugha. Ni vizuri. Lakini namna tunajifunza maneno njo inanisumbua. Tunachukua neno, tunatafuta maana yake kwa Kifaransa, tunaiweka mu kichwa, tunaendelea. Kwa maneno ya kuonyesha kitu cha hovyo, kitu kisichoingia akilini, tumefanya paka vile. “Ridiculous”, “absurd”, “ludicrous”, “preposterous”: yote tunatia mu gunia moja na tunaandika juu yake “upuuzi”. Mimi sikubali. Mu gunia ile kuko mbegu ine mbalimbali, na mukulima anayechanganya mbegu bila kujua hawezi kusema atavuna nini.

Tuangalie mbegu moja moja.

“Ridiculous” inatoka mu Kilatini, ku neno la kucheka. Kitu ni “ridiculous” juu watu wanakicheka, ao wanaona kinastahili kuchekwa. Kwa hiyo neno hili linaongea sana juu ya yule anayeangalia, kidogo tu juu ya kitu chenyewe. Kofia yako inaweza kuwa “ridiculous” mu mtaa huu, na mu mtaa wa pili ikawa ya heshima kabisa. Kofia haikubadilika. Macho njo yamebadilika.

“Absurd” pia ni ya Kilatini, lakini ni neno la masikio. Ndani yake kuko neno la kiziwi, na Warumi walisema “absurdus” juu ya sauti isiyopatana na zingine. Wale wanaimba mu korali wataelewa mbio: mutu mmoja anaimba sauti yake pembeni, wengine wote wanageuza vichwa. Njo maana Albert Camus, tuliyemusoma ku sekondari, aliweza kutumia “absurde” mu kitabu chake Le Mythe de Sisyphe, mwaka 1942, bila kuchekesha mutu. Kwake, mutu anauliza maana ya maisha, na dunia inanyamaza. Sauti mbili hazipatani. Ukitafsiri ile neno kwa “upuuzi”, Camus anakuwa mutu aliyeandika kitabu kizima kwa kusema maisha ni ya kijinga. Hakusema vile.

“Ludicrous” ni neno la mchezo. “Ludus” kwa Kilatini ni mchezo, na mu karne ya 17 Waingereza walilitumia bila tusi, juu ya mambo ya kucheza na kujifurahisha. Kidogo kidogo likaanza kumaanisha jambo ambalo huwezi kulichukua kama la kweli. Leo limegeuka tena: mwaka 2015 kampuni Tesla iliita “Ludicrous Mode” ile namna gari yao inaruka mbele kwa mwendo mkali sana, jina lililotoka mu sinema ya kuchekesha ya mwaka 1987, Spaceballs. Neno la kudharau limekuwa neno la kuuzisha gari. Na sisi, ambao udongo wetu unatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, tunaweza kuuliza nani anacheza hapo na nani anatoka jasho. Lakini hiyo ni andiko lingine.

Sasa tufike ku neno letu. “Preposterous” haina kicheko ndani, haina sauti, haina mchezo. Iko na vipande viwili: “prae”, maana yake mbele, na “posterus”, kile kinachokuja nyuma. Uviunganishe: nyuma imewekwa mbele. Kile kilipaswa kufika mwisho kimefika kwanza. Ni kuvuna mbele ya kupanda. Ni kufunika nyumba kwa mabati mbele ya kusimamisha miti. Wafaransa wako na methali yao ya kuweka jembe la ng'ombe mbele ya ng'ombe wenyewe. Waingereza walifungia wazo lile lile mu neno moja.

Wala si mimi ninayetunga. Mwaka 1589 kulitoka mu London kitabu juu ya ufundi wa mashairi, The Arte of English Poesie, ambacho wachunguzi wengi wanasema kiliandikwa na George Puttenham. Mu kile kitabu mwandishi anachukua mitindo ya usemi yenye majina magumu ya Kigiriki na kuipa majina ya Kiingereza. Kuko mtindo mmoja Wagiriki waliuita “hysteron proteron”, kusema ya mwisho kwanza, kama vile mutu anasema “alivaa viatu na soksi akatoka”. Puttenham aliupa jina “the Preposterous”. Kwake neno hili lilikuwa jina la kosa la mpango. Halikuwa tusi.

Mutu mwingine aliyelitumia vizuri ni Shakespeare, na mimi naona michezo yake miwili inatosha kwa kutufundisha neno lote, uzuri wake na hatari yake.

Wa kwanza ni The Taming of the Shrew. Wanaume wawili, Lucentio na Hortensio, wanamutaka binti mmoja, Bianca. Juu baba yake hawaachi kuingia hivi hivi, wanajifanya walimu: mmoja wa vitabu, mwingine wa muziki. Wanaanza kugombana nani afundishe kwanza. Lucentio anamutukana Hortensio kwa neno letu, anamwita punda wa namna ile. Sababu yake ni ya mpango kabisa: muziki, asema, uliwekwa kwa kupumzisha kichwa kisha masomo, sasa huyu anataka uje mbele ya masomo. Neno limekaa fasi yake sawasawa. Lakini angalia vizuri. Yule anayelilia mpango ni mwalimu wa uongo, hakuja kwa ajili ya masomo. Na mwisho wa ubishi ni Bianca mwenyewe anayesema atajifunza namna anataka, hatafungwa na saa za mutu. Walimu wawili wanapigana juu ya mpango, na mwenye masomo hawakumuuliza.

Wa pili ni Othello, na hapo neno linatia uchungu. Othello ni jemadari mweusi mu jeshi la Venice. Desdemona, binti wa senata mzungu Brabantio, anamupenda na anaolewa naye kwa siri. Baba anakimbilia mu baraza ya wakubwa, anashitaki: ni dawa, ni uchawi. Hoja yake ni kwamba maumbile hayawezi kukosea kinyumenyume namna ile bila uchawi, na neno analotumia ni lile letu. Kwa kichwa cha Brabantio, kuko mpango ulioandikwa mu maumbile: binti wake anapaswa kumuogopa mutu kama Othello, na kumupenda ni kugeuza dunia. Sasa nani aliandika ule mpango? Brabantio mwenyewe alikuwa anamwalika Othello mu nyumba yake, anamuomba asimulie safari na vita vyake. Chakula hakikuwa kinyume. Hadithi hazikuwa kinyume. Paka wakati binti amependa, njo maumbile yakageuka. Desdemona anaitwa, anaongea kwa kinywa chake mbele ya wakubwa, na mashitaka ya uchawi yanaanguka palepale.

Muone basi. Neno lile lile, kwa mkono mmoja linaonyesha kosa la kweli la mpango. Kwa mkono mwingine linageuza chuki ya mutu kuwa sheria ya maumbile. Ule “prae” na ule “posterus” havisemi nani aliyepanga foleni. Kwa hiyo mimi napendekeza, kila mara unataka kutumia neno hili, ujiulize maswali mawili. La kwanza: kitu gani kilipaswa kuja mbele? La pili: nani alisema kinapaswa kuja mbele, na sababu yake ni gani? Ukikosa jibu la kwanza, neno lako ni kelele. Ukikosa jibu la pili, unaweza kuwa Brabantio.

Najua mutu atanijibu: “Ndugu, maneno inageuka. Kamusi za leo zinasema tu ni kitu cha kijinga sana, kisichoweza kuaminika. Unatuletea Kilatini cha nini?” Ni jibu la haki. Kwa kweli Waingereza na Wamarekani wengi leo wanalitumia kwa kuongeza nguvu tu, kama nyundo kubwa kisha nyundo ndogo kushindwa. Na mzizi wa neno si sheria: “salaire” inatoka ku neno la chumvi, lakini hakuna mwalimu wa kwetu atakubali kulipwa chumvi mwisho wa mwezi. Sisemi basi kwamba maana ya leo ni kosa. Nasema vitu viwili. Kwanza, hata leo harufu ya zamani ingali ndani: Waingereza wanapenda kuliweka ku mawazo, madai na mapendekezo, kuliko ku kofia na suruali. Dai la “preposterous” ni dai ambalo hata haliwezi kusimama, juu msingi wake uko juu ya paa. Pili, sisi tunaojifunza lugha tukiwa wakubwa tuko na bahati: tunaweza kuchukua neno pamoja na mzizi wake, kama miche inayotolewa na udongo ku mizizi. Inashika mbio zaidi.

Kwa wale watalitamka kesho mu kozi: nguvu ya sauti inakaa ku silabi ya pili, pri-POS-ta-ras. Na ujue ni neno zito. Ukilitumia juu ya chai yenye sukari kidogo, watu watacheka, na watakuwa na haki. Na ukitafuta kumupunguzia mutu heshima, ukae na “ridiculous”, usilisumbue hili.

Sasa tafsiri. Nimesema “upuuzi” haifai. Tuko na neno bora, na liko mu kinywa chetu kila siku: kinyume. Sikiliza ndani yake: nyuma. Waswahili walifanya kama Warumi, walitia nyuma mu neno la kitu kilichogeuka. Na ku pwani kuko mchezo wa zamani wa maneno unaoitwa paka vile, kinyume: unatoa silabi ya mwisho ya neno unaileta mbele, ili wasiojua wasielewe. Kitabu inakuwa bukita. Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar, aliuandika tayari mu kitabu chake juu ya Kiswahili mu karne ya 19. Kama Puttenham angejua Kiswahili, nafikiri angecheka kwa furaha: jina la Kigiriki, jina la Kiingereza na jina la Kiswahili, yote kwa jambo moja, ya mwisho kuja kwanza. Basi mimi “preposterous” naitafsiri hivi: jambo la kinyumenyume. Na mutu akikwambia jambo lako ni la kinyumenyume, hajakutukana. Amekuonyesha fasi ya kurekebisha.

Juu ya nini nasumbuka na haya yote, mimi agronome? Juu kazi yetu yote ni mpango wa wakati. Huku Kivu sezoni A inaanza mu Septemba, sezoni B mu Februari. Mvua haingoji sahihi ya mutu. Nilikaa mu mradi mmoja ambao mbegu za maharagi zilifika wakati maharagi ya majirani yalikuwa tayari yametoa maua. Mwenzangu mmoja, kijana wa akili, akaandika mu ripoti ya Kiingereza kwamba kalenda ya mradi ni “ridiculous”. Shefu alisoma neno moja tu, lile la kumucheka. Mkutano mzima ukawa juu ya heshima: nani amemucheka nani, nani aombe musamaha. Mbegu zilisahaulika. Tuseme angeandika kwamba kalenda ni ya kinyumenyume: komandi ya mbegu inatiwa sahihi kisha mvua, na ilipaswa kutiwa sahihi miezi mbele ya mvua. Hapo shefu angekuwa na kitu cha kujibu. Angeweza kukasirika, ndiyo, lakini angekasirikia tarehe. Na tarehe inaweza kusogezwa, kuliko heshima ya mutu.

Angalieni sasa mu maisha yetu wenyewe, sisi banafunzi na wenye diplome. Kuko mwenzetu anaandika matokeo na conclusion ya TFC yake mu chumba, kisha njo anashuka mu mashamba kutafuta namba za kupatana nayo. Watu wanaita ile uvivu. Mimi naona ni zaidi ya uvivu. Jibu limekaa mbele ya swali, na shamba limekuja nyuma kama shahidi aliyelipwa. Lile ni “preposterous” safi, lile la mwaka 1589.

Na tangazo la kazi tunalolijua wote: kazi ya mwanzo kabisa, ya kijana aliyetoka unif, na chini yake wanaomba uzoefu wa miaka mitano. Tunachukua picha, tunatia mu kundi, tunacheka, tunaandika “ridiculous”, kisha tunalala. Tupime kwa maswali yetu mawili. Kitu gani kilipaswa kuja mbele? Kazi, juu uzoefu ni mtoto wa kazi, hauwezi kuzaliwa mbele ya mama. Nani aliweka mpango ule, na sababu gani? Pengine mwajiri hana feza ya kufundisha mutu, pengine aliogopa kupokea barua elfu moja, pengine kiti kiko tayari na mwenyewe. Kila sababu iko na jibu lake: staji yenye malipo, mtihani wa wazi, ao kusema mbele ya wote kwamba kiti hakikuwa wazi. Kicheko hakitupi hata jibu moja. Neno la mpango linatupa swali la kuandika mu barua.

Lakini nisiache upande wa Brabantio, juu na sisi agronome tuko naye ndani yetu. Mara ngapi nimesikia wataalamu wanaingia mu shamba la mama mmoja, wanaona muhogo, maharagi na maboga pamoja, wanatikisa kichwa: “Hakuna mpango hapa, yote iko kinyume.” Mpango gani? Ule wa mistari iliyonyooka tuliouona mu vitabu. Mama naye iko na mpango wake. Maharagi inaiva mu miezi mitatu hivi, inalisha nyumba wakati muhogo bado inangoja mwaka ao zaidi. Majani ya maboga inafunika udongo, inazuia majani mabaya, na ni mboga. Kama kimoja kinashikwa na magonjwa, kingine kinabaki. Ule ni mpango, tena wa kufikiria sana. Yule anayeuita kinyumenyume bila kuuliza mwenye shamba anafanya kama baba wa Desdemona: anachukua mazoea yake, anayaita maumbile. Desdemona aliitwa mu baraza akajibu mwenyewe. Mama wa shamba, mara mingi, hakuna anayemwita.

Njo maana naona si haki kuacha neno hili lipotee mu gunia la “upuuzi”. Tunaishi mu nchi yenye mambo mengi ya kuchekesha, na sisi ni watu wa kicheko. Kicheko kimetubeba siku nyingi ngumu, sikikatazi. Lakini kisha kucheka, jambo linabaki pale pale. Vijana waliosoma wanapaswa kuweza kusema zaidi: kitu hiki kimekaa mbele, kilipaswa kukaa nyuma, na sababu ni hii. Kwa Kiingereza liko neno moja la kusema hivyo. Kwa Kiswahili pia liko, na lilikuwa letu mbele ya kozi zote za mangaribi.

Basi nawaachia kazi ndogo. Kila mmoja atafute jambo moja ku kazi yake, ku unif ao mu mtaa wake, ambalo analiita “ridiculous” kila siku. Alipitishe mu maswali mawili. Kama linasimama, aliandike hapa chini kwa jina lake la haki, pamoja na tarehe ao mpango anaotaka urekebishwe. Kama halisimami, pengine mwenye jambo iko na sababu ambayo bado hatujamuuliza.